Jeni na Joto: Jinsi Mimea ya Chakula Inavyostahimili Hari katika Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Msafiri anayetoka Mau Narok asubuhi na kufika Marigat alasiri huteremka takriban mita 1,700. Huondoka akiwa amefunga koti hadi shingoni. Akishapita Njoro, Nakuru na Mogotio, koti hilo huwa mzigo mkononi. Katika mteremko huu mmoja hupatikana sehemu kubwa ya mazao yanayoilisha Kenya: viazi, shayiri na ngano katika nyanda za Mau, Molo na Njoro, mahindi na maharagwe Rongai, Subukia na Bahati, kisha mahindi ya mbegu katika mradi wa unyunyizaji maji wa Perkerra, karibu na Ziwa Baringo. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 anazopanda mtu. Kwa hesabu hiyo, siku moja, chini ya jua lile lile, mmea ulioko Marigat huishi katika joto linalozidi lile la Mau Narok kwa nyuzi kumi hivi.

Hesabu hiyo ikigeuzwa, inatoa funzo zito. Joto likipanda kwa nyuzi 1 pekee, huwa ni kana kwamba shamba limeshushwa bondeni kwa mita 160 hivi. Wastani wa joto nchini Kenya umepanda kwa takriban nyuzi 1 tangu miaka ya 1960. Shamba la ngano la Njoro halijasogea hata hatua moja, ila hali yake ya hewa imeteremka kuelekea Nakuru. Mtu anaweza kudhani kwamba suluhisho ni kuyahamisha mazao hadi mahali pa juu zaidi. Juu ya mashamba hayo, hata hivyo, upo msitu wa Mau, ambao ni chemchemi ya mito ya Njoro, Molo na Mara. Na juu ya msitu hakuna ardhi nyingine. Ikiwa shamba haliwezi kuhama, basi mmea wenyewe ndio unaopaswa kubadilika.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mmea unavyojihami dhidi ya joto kwa msaada wa jeni zake, na maana ya elimu hiyo kwa ngano, mahindi, maharagwe na viazi vya Bonde la Ufa la kati. Hoja kuu ni kwamba jeni haziliondoi joto. Zinachofanya ni kuupa mmea muhula, na thamani ya muhula huo hutegemea joto limeufikia mmea katika hatua gani ya maisha yake.

Joto Linavyoudhuru Mmea

Mnyama anayechomwa na jua hutafuta kivuli. Mmea hauna miguu. Hubaki pale pale mbegu ilipoangukia na kuyapokea yote yanayokuja. Njia yake ya kwanza ya kujipoza ni maji. Majani yana vitundu vidogo mno viitwavyo stomata, na maji yanayovukizwa kupitia vitundu hivyo huondoka na sehemu ya joto. Kanuni ni ile ile inayoyapoza maji ndani ya mtungi wa udongo: mtungi hutoa unyevu, unyevu huvukizwa na upepo, na maji yaliyosalia ndani huwa baridi. Mmea wenye maji ya kutosha huweza kuwa na jani lililo baridi kuliko hewa inayouzunguka. Ardhi inapokauka, mmea hulazimika kuzifunga stomata ili usipoteze maji, na mara jani huanza kupata moto. Hii ndiyo sababu ukame na joto, vikija pamoja, hudhuru kuliko kila kimoja kikija peke yake.

Joto linapopenya ndani ya seli, hushambulia mambo mawili kwanza. La kwanza ni tando zinazozizunguka seli na sehemu zake. Tando hizi zimejengwa kwa mafuta, na mafuta hulegea katika joto kama samli iliyowekwa karibu na jiko. Utando uliolegea huvujisha vitu vilivyopaswa kubaki ndani. La pili ni protini. Kila protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa umbo maalumu, na kazi yake hutegemea umbo hilo, kama vile ufunguo unavyotegemea meno yake. Joto hulikunjua umbo hilo. Protini zilizokunjuka hunatana, zikawa mabonge yasiyo na faida. Kila aliyewahi kuchemsha yai amelishuhudia jambo hili: ute ulio mwepesi na wa kupenyeza mwanga hugeuka kuwa mweupe na mgumu, nao haurudi ulivyokuwa.

Kuna protini zinazoshindwa mapema kuliko nyingine. Katika usanidimwanga, kimeng'enya kiitwacho rubisko hunasa hewa ya kaboni kutoka angani ili mmea utengeneze sukari. Rubisko huhitaji msaidizi wa kuifungua kila inapokwama, na msaidizi huyo ni mwepesi mno kuharibiwa na joto. Akishindwa yeye, utengenezaji wa chakula cha mmea hufifia hata kabla jani halijaonyesha dalili yoyote ya kunyauka. Mkulima huliona shamba lake likiwa kijani kibichi, kumbe ndani njaa imeshaanza.

Jeni na Namna Zinavyoamshwa

Jeni ni sehemu ya DNA iliyobeba maagizo ya kutengeneza, aghalabu, protini fulani. Seli ya mmea haitumii maagizo yote wakati wote. Nyingi kati ya jeni zake huwa zimelala, zikisubiri hali ya kuziamsha. Kwa hiyo swali la kuwa na jeni au kutokuwa nayo ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni lini jeni hiyo inaamka, kwa kasi gani, na kwa muda gani.

Ugunduzi wa jeni zinazoamshwa na joto haukuanzia kwenye mimea. Mwaka 1962, mtafiti Mwitaliano Ferruccio Ritossa alichapisha taarifa kwamba kromosomu za inzi wadogo wa matunda hufura katika sehemu maalumu pindi inzi hao wanapotiwa katika joto la juu kuliko kawaida. Kufura huko kulikuwa ishara ya jeni zilizokuwa zikianza kazi. Mwaka 1974, protini zinazotokana na jeni hizo zilitambuliwa. Baadaye ilibainika kwamba jeni za aina hiyo zimo katika viumbe vya namna nyingi mno, kuanzia bakteria hadi binadamu, na kwamba mimea imejaliwa kuwa na nyingi. Mhindi wa Rongai na mkulima aliyeupanda wana urithi huu kwa pamoja.

Je, seli hujuaje kwamba joto limezidi? Upo utaratibu ulio mwepesi kueleweka ukitazamwa kama kazi ya bawabu. Ndani ya seli kuna protini-viamshi, ambazo kazi yake ni kuziamsha jeni za joto. Katika hali ya kawaida viamshi hivyo hushikiliwa na protini nyingine zinazovizuia kufanya kazi. Protini zinazovishikilia ndizo zile zile zinazowajibika kukarabati protini zilizoharibika. Joto linapopanda na protini kuanza kukunjuka, walinzi hawa huviacha viamshi na kukimbilia ukarabati. Viamshi vilivyoachiliwa huungana vitatu vitatu, huingia katika kiini cha seli, na kujipachika kwenye DNA mahali penye alama maalumu iliyo kandokando ya jeni za joto. Dakika chache baadaye, jeni hizo huwa zimeamka. Ukarabati unapokamilika, walinzi hurejea, huvishika tena viamshi, na kazi husimama. Uharibifu wenyewe ndio unaopiga kengele, na kumalizika kwa uharibifu ndiko kunakoizima.

Hiyo si kengele pekee. Mwaka 2016, makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba fitokromu B, protini iliyojulikana kwa miaka mingi kama kipokezi cha mwanga, huitikia pia kiwango cha joto. Tando za seli nazo, zinapolegea, huruhusu madini ya kalsiamu kuingia ndani kwa ghafla, na mmiminiko huo huwa ishara nyingine. Mmea, basi, hauna kipimajoto kimoja. Una vingi, na jeni zake hupokea habari kutoka kwa vyote.

Protini Wapambe

Protini zinazotengenezwa kutokana na jeni za joto zimepewa na wanasayansi wa Magharibi jina la mtu mzima aliyekuwa akiandamana na msichana katika hadhara ili asiharibikiwe. Kiswahili hakina haja ya kuazima jina hilo, maana kinaye mpambe, anayeandamana na bi harusi, akamtengeneza pale vazi linapolegea na kumkinga asifikwe na la kumwaibisha. Makala haya yanaziita protini wapambe.

Wapambe hawa hugawana kazi. Kundi la kwanza ni la protini ndogo ndogo, ambazo hazikunji wala hazinyooshi kitu. Kazi yao ni kuzikumbatia protini zilizokunjuka ili zisinatane. Mimea ina protini za kundi hili kwa wingi kuliko wanyama, jambo linaloeleweka kwa kiumbe kisichoweza kukimbia. Kundi la pili, ambalo mashuhuri wake ni protini iitwayo HSP70, huipokea protini iliyokumbatiwa na kuisaidia kujikunja upya hadi irudie umbo lake. Kundi la tatu hufanya kazi ambayo mchemsha yai angeiona kuwa muujiza: protini iitwayo HSP101 huyashika mabonge yaliyokwisha kunatana na kuyafumua uzi mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2000, watafiti walionyesha kwamba mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, ukiwa umeharibiwa jeni ya HSP101, hushindwa kujizoeza kuhimili joto kali. Mimea hiyo ilikua vizuri siku za kawaida. Upungufu wake ulidhihirika siku ya hari.

Si kila kilichoharibika hukarabatika, na nyumba isiyo na jalala hujaa uchafu. Seli ina mtambo wa kuzivunjavunja protini zilizoshindikana ili zisigeuke sumu. Hapa bara la Afrika lina mchango wake. Mwaka 2015, watafiti wa Uchina walitangaza kwamba jeni waliyoipa jina la TT1, iliyotoka katika mpunga wa Kiafrika, huufanya mtambo huo uzivunje protini mbovu kwa ufanisi zaidi wakati wa joto kuliko jeni kama hiyo iliyomo katika mpunga wa Kiasia. Mpunga wa Kiafrika ulifugwa na wakulima wa Afrika Magharibi miaka mingi kabla ya ule wa Kiasia kufika huko, na kwa muda mrefu ulichukuliwa kuwa mbegu duni kwa sababu ya mavuno yake haba. Kumbe katika unyonge wake umehifadhi hazina ambayo mbegu zenye sifa zaidi hazinayo.

Samaki Mkunje Angali Mbichi

Sifa mojawapo ya kushangaza ya jeni hizi ni kwamba hufunzika. Mmea mchanga ukitiwa moja kwa moja katika joto la kuua, hufa. Mwenzake ukitangulizwa kwanza katika joto la wastani kwa saa moja au mbili, kisha ukatiwa katika joto lile lile la kuua, huweza kunusurika. Siri ni kwamba joto la kwanza liliwaita wapambe, na joto la pili likawakuta tayari kazini. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mmea nao hukunjwa na joto dogo kabla ya lile kubwa.

Mafunzo haya hudumu kwa siku kadhaa. Watafiti wamebaini kwamba baada ya joto la kwanza kupita, DNA iliyo karibu na baadhi ya jeni za joto hubaki na alama za kikemia, mithili ya ukurasa uliokunjwa ncha ili msomaji aurudie kwa urahisi. Joto likirudi, jeni hizo huamka kwa kasi zaidi. Alama hizo hufutika siku zikipita pasipo joto, kwa kuwa kuwaweka wapambe kazini bila sababu ni gharama. Mmea unaotumia chakula chake kutengeneza walinzi hauna cha kutosha cha kutengenezea punje.

Kwa mkulima, jambo hili lina maana ya moja kwa moja. Joto linalopanda polepole kwa wiki nzima halidhuru sawa na lile linalovamia ghafla baada ya siku za baridi na mawingu. Siku mbili zenye nyuzi zile zile kwenye kipimajoto zaweza kuwa siku mbili tofauti kabisa kwa mmea.

Kunusurika si Kuvuna

Hadi hapa imeelezwa jinsi mmea unavyoishi. Mkulima, hata hivyo, hapandi ili mmea uishi. Anapanda ili avune. Tofauti hii ndiyo inayozisumbua maabara nyingi, kwa maana jeni zinazouokoa mche si lazima ziokoe punje.

Hatua dhaifu kuliko zote ni ile ya maua. Chavua, yaani unga wa kiume wa ua, hutengenezwa na seli ambazo wito wa viamshi ndani yake ni hafifu kuliko ndani ya majani. Katika ngano, joto linalozidi nyuzi 30 wakati chavua inapoundwa au wakati ua linapofunguka laweza kuifanya chavua kuwa tasa. Katika mahindi, chavua iliyokwisha kumwagwa hewani haina mpambe wa kuiokoa joto linapokaribia nyuzi 38, na hariri ya gunzi nayo hukauka kabla ya kuipokea. Zao husimama likiwa limenawiri, na gunzi likimenywa hukutwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Hatari hii huwakabili hasa wale wanaozalisha mahindi ya mbegu katika maeneo ya joto kama Perkerra: maji ya mfereji huweza kuushinda ukame, lakini hayawezi kuishusha hewa inayoikausha chavua.

Ukubwa wa hasara umepimwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi yaliyofanywa Afrika. Kwa kila siku ambayo joto lilizidi nyuzi 30 kwa nyuzi 1, mavuno yalipungua kwa asilimia 1 penye mvua ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 penye ukame. Kuhusu ngano, utafiti wa mwaka 2015 uliounganisha vielelezo vingi vya kihesabu ulikadiria kwamba mavuno ya dunia hupungua kwa takriban asilimia 6 kwa kila nyuzi 1 ya ongezeko la joto. Sababu mojawapo ni kwamba joto huuharakisha mmea: punje hupewa siku chache za kujaa, na kimeng'enya kinachotengeneza wanga hulegea.

Viazi vya Molo na Mau Narok vina kisa chao. Kiazi hujaa vizuri udongo na hewa vikiwa kati ya nyuzi 15 na 20 hivi. Jani la mbatata hutengeneza ishara ya kuliamuru shina la chini kuvimba na kuwa kiazi, na ishara hiyo hutokana na jeni iitwayo SP6A. Joto huinyamazisha jeni hiyo. Majani huendelea kukua, pengine hata kwa fahari zaidi, huku chini ya udongo hakuna kinachoendelea. Hapa hakuna kilichoungua wala kuharibika. Agizo halikutolewa tu.

Maharagwe nayo huumizwa zaidi na usiku. Usiku ukizidi nyuzi 20 hivi, maua mengi hudondoka bila kufunga maganda. Mwaka 2015, kituo cha kimataifa cha CIAT kilitangaza kupata mistari 30 ya maharagwe yanayostahimili joto, mingi ikiwa imetokana na kuchanganya maharagwe ya kawaida na tepari, aina ya maharagwe yaliyolimwa tangu kale katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Kama ilivyokuwa kwa mpunga wa Kiafrika, jeni zilizotafutwa zilipatikana kwa ndugu aliyedharauliwa.

Njoro: Ngano Kati ya Kutu na Joto

Hakuna mahali katika eneo hili panapoonyesha ugumu wa kazi ya jeni kama Njoro. Kituo cha kuzalisha mbegu za mimea kilianzishwa hapo mwaka 1927, na leo kimo chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO. Tangu siku za mwanzo adui mkuu alikuwa kutu ya ngano, ugonjwa wa kuvu unaoyapaka mashina rangi ya matofali na kuzikausha punje.

Kwa miongo kadhaa ngano ya dunia ilijikinga kwa jeni chache, mashuhuri kati yao ikiwa Sr31. Mwaka 1998, nchini Uganda, ilionekana aina ya kutu iliyoishinda jeni hiyo, nayo ikapewa jina la Ug99. Ilifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tangu mwaka 2005, Njoro imekuwa uwanja wa dunia: maelfu ya mistari ya ngano kutoka mataifa mengi huletwa kupandwa hapo kila mwaka ili yajulikane yatakayosimama na yatakayoanguka. Kutu haikulala. Jeni Sr24 ilishindwa mwaka 2006, na Sr36 mwaka 2007. Mbegu kama Robin na Eagle 10 zilipotolewa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 2010, zilipokewa kwa furaha. Kufikia mwaka 2014, Robin nayo ilikuwa imepata mshindi.

Joto linaingia katika vita hivi kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kwamba kutu ya shina hupenda uvuguvugu, hivyo nyanda zilizokuwa baridi huikaribisha zaidi kadiri zinavyopata joto. Mlango wa pili umo ndani ya jeni zenyewe. Baadhi ya jeni za kinga hubadilika tabia kwa kufuata joto. Sr6, kwa mfano, huikinga ngano katika ubaridi wa nyuzi 20 hivi, na kupoteza nguvu joto linapofika nyuzi 25. Nyingine hufanya kinyume: Yr36, iliyotoka katika ngano ya mwitu, hupata nguvu dhidi ya kutu ya manjano joto linapopanda. Mtafiti anayechagua mbegu kwa kutazama kinga yake katika asubuhi ya baridi anaweza kuwa anachagua kinga itakayomkimbia mchana.

Kazi hii huwa ngumu zaidi kwa sababu ya ukubwa wa urithi wa ngano. Ngano ya mkate ilitokana na kuungana kwa nyasi tatu za kale, na hivyo hubeba seti tatu za kromosomu. Ramani yake kamili ilipochapishwa mwaka 2018, ilionyesha jeni zaidi ya 107,000, idadi inayozidi mara kadhaa ile ya jeni za binadamu zinazotengeneza protini. Jeni nyingi zimo katika nakala tatu tatu. Mpambe mmoja akiwa dhaifu, huenda nduguze wakamfichia aibu. Na mpambe mmoja bora akiingizwa, huenda asionekane kwa sababu ya wingi wa wenzake. Ustahimilivu wa joto hautokani na jeni moja ya ajabu. Hutokana na nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Kwa sababu hiyo, wazalishaji wa mbegu hutumia mbinu zinazopima matokeo ya jeni zote kwa pamoja. Huelekeza vipimajoto vya mbali kwenye shamba na kuchagua mistari ambayo majani yake hubaki baridi. Huchelewesha upanzi kwa makusudi ili maua yafunguke katika msimu wa hari, kama ifanyikavyo huko Obregón, Meksiko. Huko Kiboko, katika kaunti ya Makueni, mahindi hujaribiwa chini ya ukame na joto kwa pamoja. Wengine huchagua mbegu zinazokomaa mapema ili maua yatangulie hari. Mbegu ya namna hiyo haipigani na joto, inalipisha.

Neno Linalofika Shambani

Elimu hii ina upande unaoihusu taaluma ya Kiswahili moja kwa moja. Katika bewa la Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, wanafunzi wa kilimo na wa Kiswahili hupita njia moja, na kituo cha ngano kiko jirani. Hata hivyo, yanayogunduliwa katika maabara huandikwa kwa Kiingereza, na mkulima wa Rongai hukabidhiwa mfuko wa mbegu wenye jina na namba pasipo maelezo ya kwa nini mbegu hiyo ni tofauti na ile ya jana.

Pengo hilo lina athari. Wakenya wengi wamelisikia neno jeni katika muktadha mmoja tu, yaani mjadala wa vyakula vilivyobadilishwa kijenetiki, ambavyo vilipigwa marufuku mwaka 2012, marufuku ikaondolewa na serikali mwaka 2022, na kisha suala likafika mahakamani. Matokeo yake ni dhana kwamba mbegu yenye jeni ni mbegu iliyotiwa kitu cha kigeni. Mtu mwenye dhana hiyo akielezwa kwamba ngano fulani ina jeni za kustahimili joto, huenda akaikataa, ilhali ilizalishwa kwa kuchavusha ua kwa ua lingine, na ilhali kila mhindi aliowahi kula ulikuwa na maelfu ya jeni. Anayetaka kuunga au kupinga mbegu zilizobadilishwa kijenetiki ana haki ya kufanya hivyo. Kinachohitajika ni ajue anachokiunga au kukipinga.

Msingi wa istilahi upo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Maneno kama kimeng'enya, chavua na usanidimwanga yamekwisha kuzoeleka madarasani. Bado kuna mgongano: wengi nchini Kenya husema jeni, ilhali Tanzania huvuma neno vinasaba, ambalo mara hutumiwa kwa maana ya jeni, mara kwa maana ya DNA yenyewe. Vinasaba lina uzuri wa kufumbata nasaba, dhana ambayo kila Mswahili anaielewa; jeni lina wepesi wa kupokea vivumishi na kutenganisha sehemu na jumla. Uamuzi wowote utakaofikiwa, ni muhimu msomaji ajue wakati gani anazungumziwa agizo moja na wakati gani kitabu kizima.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba joto hukunjua protini, kulegeza tando na kufifisha usanidimwanga. Kwamba uharibifu huo wenyewe huviachilia viamshi vya jeni. Kwamba protini wapambe hukumbatia, hukunja upya na kufumua, na kisichokarabatika huvunjwa. Na kwamba mmea huweza kufunzwa na joto dogo kulikabili kubwa. Imeelezwa pia kwamba ulinzi huu una mipaka. Chavua hulindwa kwa uhafifu, kiazi hukosa agizo, na jeni ya kinga huweza kuzimika pale inapohitajika zaidi.

Muhula unaotolewa na jeni hupimwa kwa saa na siku. Hutosha kuuvusha mmea katika wiki moja ya hari wakati wa maua, na wiki hiyo moja yaweza kuwa tofauti ya ghala lenye nafaka na ghala tupu. Hautoshi kuuvusha katika joto linaloongezeka bila kikomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na wapambe wa ndani ya seli huziba nyufa usiku na mchana. Yanayobaki, yaani kuuhifadhi msitu unaoleta mvua, kuzitunza mbegu za kale zilizodharauliwa, na kumweleza mkulima wa Njoro kwa lugha anayoielewa ni nini kilichomo ndani ya punje aliyoishika mkononi, si kazi ya jeni.